Filimbi ya Saa Kamili

Gabriel hapendi dakika. Anapenda saa. Yeye ndiye meneja wa mradi wetu wa visima, ofisi yake iko Musoma mjini, ghorofani, dirisha linatazama ziwa, na mtu akishapewa dirisha la namna hiyo huanza kuona kila kitu kimenyooka. Mimi ndiye ninayeandika programu za vile vifaa vinavyoning'inizwa ndani ya visima kupima maji yamefika wapi. Tena ndiye ninayepanda pikipiki ya mradi kutoka Kabasa ninakokaa, kwenda popote ambako kifaa kimegoma. Kwa hiyo dakika zote naziona mimi.

Shida ilikuwa hivi. Vifaa vyetu vilikuwa vinahesabu kuanzia pale unapoviwasha. Ukikiwasha cha Butiama saa nne na dakika saba, basi kitapima kila ikifika dakika ya saba, na saa ya ukutani isemavyo hakina habari nayo. Cha Bunda kikiwashwa na nusu, kitakwenda na nusu. Betri ikizima na kurudi, kinaanza upya na dakika yake nyingine. Gabriel alipozipanga namba za visima vyote kwenye skrini moja, hazikukaa safu moja, na kitu kisichokaa safu moja kinamnyima usingizi. Akaniita.

"Petronila, nataka visima vyote vipime saa kamili. Saa moja kamili, saa mbili kamili, hivyo hivyo. Inawezekana?"

Ilikuwa inawezekana, na hapo ndipo nilipoponzeka. Ingekuwa haiwezekani ningerudi nyumbani nikalala. Niliandika programu upya: kifaa kikiamka kitazame saa kwanza, kijue zimebaki dakika ngapi kufika saa kamili, kirudi kulala, halafu kiamke kwa wakati na kupima. Kuiandika hakukunichosha. Kuipeleka ndiko kulikonichosha, maana mtandao wa vijijini unatosha kutuma namba tu, programu ni lazima uende nayo wewe mwenyewe, kisima kwa kisima, na masika ndiyo kwanza yalikuwa yamechanganya. Nilifika Mugeta nimeanguka na pikipiki mara mbili, tope mpaka ndani ya soksi.

Mugeta kuna kisima kirefu kimoja, kina pampu ya sola na bomba la kuchotea. Watu ni wengi kuliko maji yake. Wanawake wa kitongoji cha juu, kule mlimani, wakifika wanakuta foleni imeshajaa, wakirudi mchana bomba linatoa matone, basi wengi huteremka mtoni kuchimba mchanga. Mmoja wao anaitwa Nyangi. Tunalingana umri, na tangu siku ya kwanza ya mradi hajaacha kuniuliza swali moja: kisima cha pili kitachimbwa lini.

Nilikuwa nimemweleza mambo yanavyokwenda. Safari hii mtambo wa kuchimba ulikuwa wa kwenda sehemu moja tu, ama Mugeta ama kijiji kimoja upande wa Butiama, na namba ndizo zingeamua. Kisima ambacho maji yake yanashuka chini ya mstari mwekundu tuliouchora kwenye skrini watu wakichota, hicho kimelemewa, na hapo panachimbwa kingine. Nyangi alielewa haraka kuliko wakubwa wengi niliowahi kuwafundisha. Ila Nyangi hana ufunguo wa pampu.

Ufunguo anao mzee Leonardi, katekista mstaafu, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka, na filimbi shingoni ya kupangia foleni. Alisimama nyuma yangu muda wote ninaweka ile programu.

"Mwanangu, hiki kitu kinapimaga nini hasa?"

"Afya ya kisima, mzee."

"Na kinapima muda gani?"

"Saa kamili. Kila saa ikigonga, kinapima."

"Zamani kilikuwaga kinavizia."

"Sasa hakivizii tena."

"Afadhali. Mgeni akikuambia saa ya kufika, unajiandaa."

Nilikuwa nafuta tope kwenye waya. Nilimsikia bila kumsikia. Niliitikia tu "ndiyo, mzee," kama mtu anavyoitikia akiwa anawaza chai.

Namba zilianza kuingia, na zilikuwa nzuri mno. Kisima cha Butiama kilipanda na kushuka, cha Bunda kilipanda na kushuka, lakini cha Mugeta kilikaa palepale juu kuanzia asubuhi hadi jioni. Gabriel alinipigia kunipongeza. Za zamani alishazitupa, alisema zilikuwa chafu, zile za dakika saba na dakika arobaini. Sasa tulikuwa na picha safi. Mugeta ina maji ya kutosha, mtambo uende Butiama. Alibakiza kikao kimoja tu pale Bunda, cha kupitisha.

Nikafurahi. Lazima niseme ukweli, nilifurahi kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha. Siku hizo nilikuwa nimefika mahali mtu anaomba kitu kiishe tu, hata kikiisha vibaya.

Halafu Nyangi akapiga simu.

"Dada Petronila, tumesikia mtambo unaenda Butiama."

"Namba zenu ni nzuri, Nyangi. Maji yapo."

"Yapo wapi? Mimi niko mtoni saa hizi. Nachimba mchanga na kikombe."

Nilimwambia nitakuja kuangalia, nikakata simu, nikakaa kitandani nikitazama viatu vyangu vya mvua vilivyokuwa bado havijakauka. Kifaa hakisemi uongo, nilikitundika mwenyewe. Na Nyangi hajawahi kunidanganya. Nikavaa viatu vilevile vibichi nikaondoka.

Nilifika Mugeta saa tano inakaribia. Sikwenda moja kwa moja bombani, nilisimamisha pikipiki pembeni kwenye ukuta wa shule nikatazama kwanza. Foleni ilikuwa ndefu, ndoo na madumu yamepangwa. Bomba lilikuwa linatoa maji membamba. Ghafla Leonardi akatazama saa yake ya mkononi, akapuliza filimbi, akaenda kwenye kile kiboksi cha swichi akazima pampu. Wanawake wote wakaweka ndoo chini na kukaa. Kelele zikafa. Mmoja alikuwa anamkemea mwanawe, akamkemea kwa kunong'ona.

Nikasogea na salamu yangu, "Shikamoo mzee," naye akajiwekea kidole mdomoni.

"Marahaba. Kaa kwanza, mwanangu. Kiko karibu kupima."

Nikakaa juu ya dumu la mtu. Tulikaa kama watu wanaosali Malaika wa Bwana, mpaka saa tano ikapita kidogo. Kisha Leonardi akapuliza filimbi ya pili, wote wakainuka, pampu ikawashwa, maji yakatoka kwa nguvu. Nikaelewa. Kile kimya kilikuwa kinawapa maji nafasi ya kupanda kabla kifaa hakijaamka. Kifaa kilikuwa kinakuta kisima kimepumzika, kila saa, kila siku.

"Mzee, nani amekuambia uzime pampu?"

"Hakuna aliyeniambia. Wewe si ulisema unapima afya?"

"Ndiyo."

"Sasa wakija kukagua ng'ombe wa mahari, utawatoa zizini hawajanywa? Unawanywesha kwanza, unawapangusa, ndiyo unawatoa. Kwenye kisima cha kijiji cha pili walikuja watu wa mradi mwingine, wakapima mchana watu wamechota yote. Wakasema hii imekufa. Wakang'oa pampu wakaondoka nayo. Mimi nimeona kwa macho. Nikasema kwangu hawatakuta hivyo."

Nilitaka kukasirika na nikakasirika, lakini hasira haikupata mtu wa kumshika. Angekuwa mjinga ningemgombeza. Alikuwa mtu anayelinda pampu yake kwa jinsi anavyojua, na mimi ndiye niliyempa saa ya mgeni bila kumwambia mgeni anataka kuona nini. Nilimweleza pale pale. Nilimwambia kwamba safari hii tunatafuta kisima kilichochoka, na kwamba chake kikionekana kizima, Nyangi na wenzake watabaki mtoni. Alivua kofia yake ya sufi. Kichwa chake kilikuwa na mvi kuliko nilivyodhani.

Nyangi alikuwa kwenye foleni, karibu na mwisho. Akasimama.

"Kumbe haikuwa amri yenu?" aliuliza. "Sisi tulijua ni mradi umeagiza tukae."

"Hakuna aliyeagiza, Nyangi."

"Basi." Akatazama wenzake. "Ila mimi nilikuwa naipenda. Tunakaaga. Tangu niolewe hakuna mtu amewahi kuniambia kaa."

Wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, na kikaisha mapema.

Kikao cha Bunda kilikuwa wiki inayofuata. Nilimwomba Leonardi aiweke filimbi mfukoni mpaka siku hiyo. Watu wachote mfululizo, kama wanavyochota mahali pengine, kifaa kione hali ilivyo.

"Pampu itapata moto, mwanangu."

"Ina kidude cha kujizima maji yakishuka."

"Ilikuwaga nacho. Radi ilikipiga wiki ile uliyokuja kuweka programu. Niliripoti."

Nilitazama kile kiboksi. Waya mmoja ulikuwa umeungua kweli, umefungwa na mpira. Ningepaswa kuuliza zaidi, sikuuliza. Mawingu yalikuwa yanashuka upande wa Bunda, barabara ile ikilowa haipitiki, na mwili wangu wote ulikuwa unataka kurudi Kabasa. "Siku chache tu, mzee," nilisema. Alivaa kofia yake, akavua filimbi shingoni na kuitia mfukoni.

Mstari wa Mugeta ukaanza kushuka. Saa kamili moja baada ya nyingine ulishuka, ukafika kwenye ule mstari mwekundu, ukaupita, ukabaki huko chini mchana kutwa. Nilimpigia Gabriel nikamweleza habari ya filimbi. Alicheka sana, akaniomba nimsimulie tena ile sehemu ya ng'ombe wa mahari, kisha akasema Mugeta inarudi mezani. Jioni hiyo nilikula wali na samaki furu wa kukaanga nikalala mapema, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze sikuiota ile barabara ya tope.

Asubuhi ya siku mbili kabla ya kikao Leonardi akapiga. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mwanangu, pampu imenyamaza."

Nilikwenda na fundi kutoka Bunda. Aliivuta pampu juu kwa kamba, akainusa, akaniita na mimi niinuse. Ilikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Ilivuta hewa badala ya maji, ikaendelea kuvuta mpaka ikafa, maana hapakuwa na kitu cha kuisimamisha wala mtu wa kuipumzisha. Zile dakika za kukaa kimya ndizo zilizokuwa zinaiokoa, muda wote huo, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua, Leonardi mwenyewe akiwemo. Nilipiga simu ofisini Musoma kuomba pampu nyingine. Nikaambiwa itakuja na vifaa vya kisima kipya, kama kipya kitapitishwa. Nilimtumia Gabriel ujumbe kwamba pampu ya Mugeta imekufa. Hakujibu, alikuwa kwenye maandalizi ya kikao.

Siku ya kikao sikuweza kukaa Kabasa. Nilikwenda Mugeta, nikakaa na Leonardi kwenye kibanda chake cha bati kando ya bomba kavu. Hapakuwa na foleni. Madumu machache yalikuwa yameachwa pale, yamelala ubavu. Wanawake wa kitongoji cha chini sasa walikuwa wanaungana na wa juu, wote wanateremka mtoni, na njia nzima unawaona wamejipanga na ndoo kichwani. Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ningejisikia nafuu.

Simu ikaita. Gabriel, kutoka kikaoni Bunda, anaongea chini chini.

"Petronila, niko na wakubwa hapa. Mbona Mugeta imepanda?"

"Imepanda vipi?"

"Mstari uko juu. Tangu juzi uko juu kabisa, juu kuliko hata mwanzo. Wananiuliza hili ndilo lile tatizo ulilosema. Wanataka tupeleke mtambo Butiama tumalize. Nawaambia nini?"

Nilifumba macho. Kifaa changu, chenye utii wake, kilikuwa kinaamka kila saa kamili na kukuta kisima kimejaa pomoni, kwa sababu hakuna mtu hata mmoja anayeweza kutoa tone. Nilianza kumweleza nikasikia maneno yangu yanagongana, pampu, mota, hewa. Leonardi alikuwa ananitazama.

"Anasemaje?"

"Anasema kisima kimejaa."

Alinyoosha mkono. Nikaweka simu kwenye spika nikampa.

"Bwana meneja, habari ya kazi," alisema taratibu. "Mimi ndiye wa filimbi. Ng'ombe asipokamuliwa chuchu zinajaaga. Ukipita njiani ukaona vile, utasema huyu ana maziwa. Hana. Ni hakuna mtu wa kukamua. Pampu yetu imeungua, watu wote wako mtoni. Kama huamini uje, ila usituambie unakuja saa ngapi."

Nilisikia kiti kikisogezwa, mtu akikohoa.

"Shikamoo mzee," Gabriel alisema mwishowe.

"Marahaba, baba."

"Ngoja niwaambie wakusikie wewe mwenyewe."

Mzee aliyarudia yote tangu mwanzo kwa watu ambao hakuwaona, pamoja na radi na kile kidude. Wakamuuliza maswali mawili matatu, akajibu, wakashukuru, simu ikakatika. Tukakaa. Sikumbuki tuliongea nini, nadhani aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Butiama na kumtajia ukoo wa baba, akasema aliwahi kufahamiana na babu. Baadaye ujumbe wa Gabriel ukaingia. Mugeta imepita. Kisima na pampu zote mbili, mwakani, mvua zikiisha.

Nilimsomea Leonardi. Akafanya ishara ya msalaba, akatazama bomba lake.

Nyangi alikuwa anapanda kutoka mtoni na wenzake, ndoo kichwani, maji yamefunikwa na majani yasimwagike. Niliinuka nikamfuata njiani. Nilikuwa nimeisubiri siku ya kumpa habari hii tangu mradi uanze.

"Nyangi, kimepita. Mtachimbiwa."

Alisimama bila kushusha ndoo.

"Lini?"

"Mwakani. Mvua zikiisha."

"Na hili bomba?"

"Pamoja na hicho. Mwakani."

Alitazama bomba, akatazama njia ya kupanda kwao, ndefu, yenye mawe. Uso wake haukubadilika. Nilimwambia samahani. Nilisema kwa sauti, mbele ya wenzake, kwamba mimi ndiye niliyewaambia wasipumzike.

"Ulitaka tupate," alisema. "Tumepata." Kisha akaninyooshea kidevu. "Saa ngapi sasa?"

Nikatazama simu. "Inakaribia saa nane."

Alishusha ndoo polepole, akaiweka mahali pa tambarare, akamgeukia Leonardi aliyekuwa ametoka kibandani.

"Mzee, piga filimbi."

Leonardi alitazama saa yake. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa filimbi, akaipangusa kwa kanzu na kupuliza. Njia nzima, kuanzia bombani mpaka kule chini kwenye kona ya mto, wanawake wakashusha ndoo zao. Hakuna aliyeuliza sababu. Wakakaa kwenye nyasi, kwenye mawe, mmoja juu ya khanga yake, na Nyangi akakunja miguu na kuegemea ukuta wa bomba. Na mimi nikakaa karibu naye.

Saa nane ikafika. Huko chini kifaa kiliamka kikapima maji mengi ambayo hayana mwenyewe, kikatuma namba yake Musoma, kikalala. Saa nane ikapita. Nyangi alikuwa amefumba macho. Nilimtazama Leonardi, amesimama katikati ya njia na filimbi mkononi, anaitazama saa yake, na muda wa kupuliza ile ya kuinuka ulishapita zamani, lakini hakuipuliza.